Habari Niliyoiweka Mpaka Ijumaa

Ipo Jumatano moja ya Dubai ambayo mpaka leo haijanitoka, mwanangu. Mambo mengi ya kule nimeshayasahau, hata namba ya chumba nilicholala miaka sita naibahatisha tu. Lakini Jumatano ile naikumbuka mpaka soksi za mzee aliyesimama mbele yangu akinigombeza. Zilikuwa soksi nene za sufu, na nje joto la Julai lilikuwa limewafungia watu ndani.

Kaa vizuri basi, begi la safari utalifunga baadaye. Najua nyinyi vijana mzee akianza kusema mnaanza kuchungulia simu. Chungulia tu, mimi nitaendelea.

Miaka hiyo, elfu mbili na kumi na kitu, nilikuwa mlinzi wa jengo kule Jumeirah Lake Towers. Usinifikirie na rungu na koti la mvua. Nilivaa suti ya kampuni na tai, nikasimama nyuma ya meza ya mapokezi katika ukumbi wa marumaru, toka asubuhi mpaka jioni. Nilipokea vifurushi, nikawaelekeza mafundi wa viyoyozi, nikawafungulia milango masir na mamadam wa kila taifa. Kukaa kulikuwa marufuku, na kuzungumza na wakazi zaidi ya salamu kulikuwa marufuku pia. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Kwetu Tanga mtu wa umri huo anaitwa baba fulani na anaombwa ushauri. Dubai nilikuwa kijana tu, maana kule kila mtu ni kijana mpaka siku visa yake inapokatika.

Kulala nililala Al Baraha, upande wa Deira, kwenye fleti kuukuu juu ya duka la vipuri. Chumba kimoja, watu wanane, vitanda vya juu na chini. Tulikuwa Watanzania, Wakenya, na Mganda mmoja mpole ambaye usingizini alikuwa akihubiri. Kwa umri niliwapita wote, kwa hiyo nikawa mkubwa wa chumba.

Hicho ni cheo, mwanangu, usikicheke. Mkubwa wa chumba ndiye aliyepanga zamu za kupika, ndiye aliyesuluhisha ugomvi wa feni. Na kubwa zaidi, ndiye ambaye namba yake ya simu ilikuwa na familia za wote. Kukitokea msiba nyumbani, ndugu hawampigii mfiwa. Wanampigia mkubwa wa chumba, wanamwambia, "Mweleze taratibu." Unazijua desturi zetu. Habari mbaya mtu hatupiwi usoni kama maji ya kunawa. Unamngoja ale, aswali, awe na siku ya mapumziko mbele yake na watu wa kumshika, ndipo unamwambia. Nilikuwa nimeshaifanya kazi hiyo mara tatu, na kila mara watu walisema, "Athumani ana hekima." Nami nilipenda kusikia hivyo. Nakuambia ukweli kwa kuwa sasa hauwezi kunidhuru: nilipenda kuwa mtu mwenye siri za watu mfukoni.

Sasa nikujulishe kwa mzee wa soksi. Alikuwa Mnorwe, mwenye umri wa karibu miaka themanini, akikaa na binti yake ghorofa za juu. Binti alifanya kazi ofisi kubwa na kusafiri sana, kwa hiyo mzee alishinda peke yake. Kila siku baada ya saa tisa alishuka kwenye ukumbi wetu na kuanza kutembea, kutoka mlangoni mpaka kwenye lifti, kutoka kwenye lifti mpaka mlangoni, mikono nyuma, akihesabu mizunguko kwa midomo. Walinzi wenzangu walidhani ana kasoro kichwani. Mimi siku moja nikamwuliza, kwa Kiingereza changu cha Tanga, anatafuta nini.

"Natembea sitaha," akaniambia. "Meli ikinaswa na barafu, mtu asipotembea sitaha kila siku, akili inamtoka."

Ndivyo nilivyojua kwamba alikuwa nahodha. Sio nahodha wa meli za mizigo hizi zinazoingia Jebel Ali. Yeye alikuwa nahodha wa meli za utafiti za Aktiki, kule juu kabisa ya dunia ambako bahari yenyewe inaganda mpaka watu wanatembea juu yake. Nikawa namwita Kapteni, naye akawa anaishia mizunguko yake kwenye meza yangu, anaegemea kana kwamba anauliza habari za kifurushi, ili msimamizi wangu asiwe na la kusema. Mazungumzo yetu yote tuliyafanya hivyo, yeye akiwa ameshika risiti ya zamani mkononi kama ushahidi.

Alianza bahari akiwa na miaka kumi na mitano, akimenya viazi kwenye meli ya wawindaji. Aliniambia mwaka wa kwanza alilia kila siku jikoni na kusingizia vitunguu. Nahodha wake wa kwanza alimfundisha kuisoma barafu kwa rangi: ya kijivu ni changa, meli inapita, ya buluu ni ya miaka mingi, ngumu kama jiwe, usiiguse. Alipokuwa na umri wa kuoa alikuwa anashika usukani. Alipopata mtoto alikuwa tayari nahodha, anapanda mwenyewe kwenye pipa lililofungwa juu ya mlingoti, anakaa humo saa nzima na darubini kutafuta ufa wa kupitisha meli. Aliwapeleka wataalamu kupima kina cha bahari na unene wa barafu, mahali ambapo ramani ilikuwa nyeupe tupu. Kuna ghuba moja ndogo huko, aliniambia, ambayo kabla ya meli yake hakuna aliyejua kama ipo.

"Wakaipa jina lako?" nikamwuliza.

"Wakaipa jina la mfadhili," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Lakini alichopenda kukieleza zaidi hakikuwa ghuba wala dubu weupe niliokuwa namchokoza anisimulie. Alikieleza kiti chake cha unahodha. Alisema siku alipofanywa nahodha, mabaharia aliokuwa akila nao na kutaniana nao toka utotoni walinyamaza alipoingia chumba cha chakula. Hawakumchukia. Ni kwamba nahodha hataniwi. Tangu siku hiyo akala mbele ya watu wanaosubiri aondoke ndipo wacheke. Kuna majira ya baridi ambayo jua halichomozi zaidi ya miezi miwili, meli imeganda mahali pamoja, watu ishirini na tano ndani ya chuma, na yeye peke yake hana mtu wa kumwambia kwamba naye anaogopa. Nilimsikiliza nikaona kama ananieleza mimi. Kule Al Baraha nilikuwa na watu saba chumba kimoja, lakini kwa kuwa nilikuwa mkubwa wao, hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Athumani, na wewe je?"

Akasema pia, "Kule nilifungiwa na baridi, huku nimefungiwa na joto. Tofauti ni kwamba kule nilikuwa na kazi."

Basi, chumbani mwetu alikuwapo kijana mmoja wa Malindi, Salim, mwenye miaka ishirini na minne. Alifanya kazi kwenye ghala la kampuni moja pale Dubai Airport Freezone, akipanga makasha ya kusafirishwa. Alikuwa mcheshi, mwenye heshima, na aliniita Ami, kama kwao wanavyomwita ndugu wa baba. Baba yake alikuwa amefariki zamani, mama ndiye aliyemlea kwa kuuza mahamri. Kila Ijumaa baada ya swala alimpigia mama yake, wakasemezana mpaka kadi ya simu iishe. Sisi wengine tulikuwa tukitoka nje kwa kujifanya tuna shughuli, kwa sababu kumsikia mtu akitaniwa na mama yake kunamkumbusha kila mmoja wa kwake.

Mwezi wa saba ulipoanza nikapigiwa simu kazini na Bakari, kaka yake mkubwa Salim. Mama alikuwa ameanguka jikoni. Amelazwa, figo hazifanyi kazi sawasawa, madaktari hawatoi ahadi.

"Ndugu yangu, usimwambie Salim," akasema Bakari. "Likizo yake bado miezi miwili. Akisikia sasa ataacha kazi aje, na akija atafanya nini? Yeye si daktari. Mwache amalize."

Nikaona ni maneno ya busara. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nipo.

Ijumaa ya kwanza Salim alipopiga, Bakari alimwambia mama yuko harusini Watamu. Ijumaa ya pili akaambiwa simu ya mama imeingia maji. Siku hiyo Salim alikuja kukaa ukingoni mwa kitanda changu, simu mkononi.

"Ami, hebu niambie, mama ananikwepa ama nini? Last time niliongea na yeye nilikata haraka, basi ya kazi ilikuwa imefika. Nilimwambia tu, nitakupigia, nitakupigia. Saa hii hata harusi imekuwa na maana kuliko mimi."

Nami nikacheka, mwanangu. Nikamwambia, "Mama yako kaonja raha za harusi, wewe sasa wa nini?" Akacheka na yeye, akaenda kulala. Nilijisikia nimeifanya kazi yangu vizuri.

Ndipo ikaja hiyo Jumatano. Saa kumi jioni Bakari akanipigia tena, nikaenda kupokea nyuma ya nguzo. Hali ya mama imekuwa mbaya, lakini akili yake imetulia na anasema. "Anamwulizia Salim asubuhi na jioni. Tunamwambia yuko kazini, atapiga." Nikamwambia nitalifikiria suala la kumjulisha Salim. Nilipogeuka, Kapteni alikuwa amesimamisha mizunguko yake, ananitazama.

"Nyumbani kuna nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa kujivuna kidogo, namna nilivyokuwa nimelishika jambo lile kwa majuma mawili bila kijana kushtuka. Nilitegemea aniambie mimi ni nahodha mwenzake. Badala yake akaiweka risiti yake ya uongo juu ya meza, akakaa kwenye kochi la wageni, na kwa mara ya kwanza hakujali msimamizi wangu.

Aliniambia kwamba mwaka mmoja meli yake ilinaswa na barafu toka vuli mpaka masika. Kila Jumapili mtambo wa redio ulipokea habari za nyumbani, na kila baharia aliruhusiwa kutuma maneno machache. Sheria ya meli ilikuwa kwamba kila karatasi ya redio inapitia kwanza mkononi mwa nahodha. Jumapili moja ikaja karatasi ya fundi mitambo wake: mkewe ni mgonjwa sana. Kapteni akaisoma, akaitia kwenye droo.

"Nilisema, hawezi kwenda. Hakuna ndege, hakuna njia, barafu pande zote. Habari itamtesa bure, na nina injini moja na fundi mmoja. Nikamwonea huruma. Unaona? Nilimwonea huruma."

Jumapili iliyofuata yule fundi akatumia maneno yake machache kumwuliza mkewe kama paa limeshapakwa rangi. Jumapili ya tatu akamkumbusha tena habari ya paa. Kisha ikaja karatasi ya msiba, nayo ikaingia kwenye droo ileile. Masika barafu ilipofunguka na meli ikawa huru, Kapteni akamwita, akampa zote kwa pamoja. Fundi akazisoma akiwa amesimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Wewe ni nahodha wa meli hii. Nani alikufanya nahodha wa nyumba yangu?" Akashuka bandari ya kwanza, na hakupanda tena meli yoyote ya Kapteni.

"Nimemwandikia kila mwaka," akasema mzee. "Hajajibu. Nikapewa nishani, nikapewa meli kubwa zaidi. Lakini mabaharia wote walijua. Kila mtu aliyepanda meli yangu baada ya hapo, nilimwona akijiuliza, je, kwenye droo yake kuna karatasi yangu?"

Nikajitetea. Nikasema, lakini ni kweli yule fundi asingeweza kwenda.

"Asingeweza kwenda. Angeweza kusema!" Alisimama ghafla, mzee mrefu yule, na sauti yake ikajaa ukumbi mpaka madam mmoja akageuka na mifuko yake. "Mimi niliwaza miguu yake tu. Nilisahau kwamba mtu ana mdomo. Wewe huna hata barafu, Athumani. Kijana wako ana simu mfukoni. Mpigie sasa."

"Yuko ghalani, sir. Simu haziruhusiwi humo. Nitamwambia Ijumaa, inshallah, akiwa ameshakula na hana kazi."

Alikuwa ameishi Dubai miaka ya kutosha kulijua neno hilo. Akanitazama. "Hiyo inshallah ni ya Mungu au ni yako?"

Nikainamia vifurushi vyangu mezani. Akachukua lifti akapanda kwake, na siku hiyo hakumaliza mizunguko.

Jioni nikarudi Al Baraha nikiwa nimeamua kumwambia Salim palepale. Nilimkuta anakula wali na samaki wa kukaanga, anamwigiza arbab wao, yaani bosi, anavyohesabu makasha, chumba kizima kinacheka. Nikafungua mdomo. Nikamtazama, nikasema moyoni, mwache amalize kula. Alipomaliza nikasema, kesho ana zamu ya alfajiri, anapanda ngazi ndefu, atakuja kuanguka. Ijumaa ni keshokutwa tu. Ijumaa atakuwa na nafasi ya kulia, nasi wote tutakuwapo. Kila sababu niliyoileta ilikuwa nzuri, mwanangu. Hilo ndilo linalonitia uchungu mpaka leo, kwamba sikukosa hata sababu moja nzuri.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, Bakari akapiga. Sikungoja aseme, nilimsikia akilia. Mama alikuwa amekata roho, na kwa kuwa kwetu maiti hailazwi, walikuwa wanamwosha wakamzike baada ya alasiri.

Nikamwomba msimamizi ruhusa, nikapanda metro na suti yangu. Usiniulize kwa nini sikungoja jioni. Nadhani nilitaka walau mara hii nisichelewe, wakati hapakuwa tena na cha kuwahi. Nilisimama kwenye lango wanakotokea wafanyakazi wa maghala, jua linanichoma, jasho limeshusha kola. Wakaanza kutoka wakipanga foleni ya basi la kampuni. Salim akaniona kwa mbali, akacheka.

"Ami! Umefuata nini huku na tai yako?"

Akaja mbio, na kila hatua aliyokaribia cheko lilipungua. Alipofika alikuwa hacheki kabisa.

Nikamwambia, "Salim, mama ametutoka. Leo adhuhuri."

Akasema inna lillahi, kwa sauti ndogo sana. Akakaa chini kwenye ukingo wa njia, akavua kofia ya kazi. Akauliza, "Aliugua lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Alikuwa anaongea?"

"Mpaka jana alikuwa akisema. Alikuwa akikuulizia."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Nilijitayarisha kwa matusi. Nilitamani anitukane, anishike hiyo tai anikabe. Salim akafuta uso kwa kofia yake, akaniangalia bila hasira yoyote.

"Ile Friday walisema mama yuko harusini," akasema, "mimi nilishuku. Mama haendi harusi bila kuniambia anavaa nguo gani. Nilitaka kupigia jirani yetu, nilikuwa na namba yake. Halafu nikasema, zii, Ami yuko. Kungekuwa na kitu, Ami angeniambia. Nikalala."

Basi likapiga honi. Akainuka, akaniaga kwa mkono na kwa heshima ileile ya siku zote, akapanda. Lilikuwa basi la wafanyakazi wa ghala, mimi sikuruhusiwa kuingia. Nikabaki langoni na suti yangu mpaka walinzi wa pale, wenzangu wa kazi, wakaniambia yalla, ondoka, hapa si mahali pa kusimama.

Tulimsomea marehemu hitima chumbani, watu wakajaa mpaka kwenye ngazi. Salim alinishukuru mbele yao kwa kusimamia chakula. Hatukugombana hata siku moja. Alikwenda likizo yake, akarudi, akahamia Sharjah kwa watu wa kwao. Ila nikaona jambo. Simu yangu ilinyamaza. Familia za wale vijana wengine zikaacha kunipigia, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeniambia kitu, lakini nilijua wameandikiwa namba nyingine, pengine ya yule Mganda. Nikaendelea kupanga zamu za kupika na kusuluhisha ugomvi wa feni. Walinisikiliza. Nilipoingia walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea.

Jumamosi ile baada ya msiba, Kapteni aliposhuka, nilimweleza yote. Hakuniambia, "Si nilikwambia?" Alishika pembe ya meza yangu kama mtu aliye kwenye meli inayoyumba. Akasema, "Sasa tuko wawili." Kisha akaanza mizunguko yake, nami nikavunja sheria ya kazi, nikatoka nyuma ya meza nikatembea naye. Mlangoni mpaka kwenye lifti, kwenye lifti mpaka mlangoni, mikono nyuma. Mwaka uliofuata binti yake alimrudisha kwao, na sikupata habari yake tena.

Sasa nikuusie, mwanangu, nawe usikie kwa masikio yote mawili.

Msiba unaweza kungoja sahani ya wali. Mtu akishakufa hakuna mlango unaofungwa kwa wewe kuchelewa saa mbili, kwa hiyo desturi ile ya wazee wetu ya kumlisha mfiwa kwanza ni nzuri, usiidharau. Lakini ugonjwa si msiba. Mgonjwa bado ana sikio, na aliye mbali bado ana mdomo, na katikati yao kuna muda ambao hujui urefu wake. Usisimame hapo katikati. Hata kama mtu hawezi kupanda ndege, hata kama ana mkataba, hata kama atalia mbele ya arbab wake, mwambie leo. Atakachoamua ni chake. Mama ni wake.

Na wewe unayeondoka, kabla hujafunga begi, waite ndugu zako uwaambie kwa kinywa chako: "Mama akiumwa niambieni, hata kama hamtaki." Waapishe kama ukiweza. Wakikwambia baadaye kwamba yuko harusini majuma mawili mfululizo, mpigie jirani. Usinyamaze kwa sababu unamwamini mtu kama mimi.

Jambo jingine ni gumu kulisema. Watu wakikuweka mbele, wakakupa namba zao na siri zao, utajisikia mkubwa, na ukubwa huo utakuonyesha kwamba unajua yanayowafaa kuliko wao. Hapo ndipo ujiogope. Mimi sikumdanganya Salim kwa chuki. Nilimdanganya kwa kumpenda, naye akalala kwa kuniamini, na kati ya vitu viwili hivyo vizuri mama yake akafa akitazama mlango.

Nenda salama, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali na wenzako wema wa kulala nao chumba kimoja. Akulindie mama yako mpaka urudi, na kama hakuandika hivyo, basi akuletee mtu asiye na huruma ya kijinga, akuamshe hata kama umelala usingizi mtamu, akutie simu mkononi, na akuache useme naye maadamu angali anasikia. Amina.